Kengele ya mkanda: usiizibe mdomo kabla hujajua inalilia nini

Na Mwandishi Wetu, Minneapolis, Minnesota

KWA majuma mawili ya mwezi Januari nilikuwa naendesha gari linalonisuta. Natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, macho mazito, nafunga mkanda kama kawaida, nasikia kabisa ulimi wa chuma ukimezwa na kifungio, "tak!", kisha nikishaingia tu barabara ya I-94 kuelekea Saint Paul kengele inaanza: ting, ting, ting. Kwenye dashibodi kile kitaa chekundu cha mtu aliyejifunga mkanda kinawaka na kuzima kana kwamba mimi ndiye mkaidi. Nanyoosha mkono, natikisa kifungio, kengele inanyamaza. Nikifika kwenye mataa inaanza tena.

Msomaji uliyeko nyumbani unaweza kuuliza: na hii nayo ni habari ya kuandikwa? Huko kwetu mkanda uliokatika haumkoseshi mtu usingizi. Lakini sisi tunaobeba maboksi huku ughaibuni gari ndiyo miguu yetu. Kazi nyingi tunazozipata, za kwenye maghala na kwenye nyumba za kutunzia wazee, ziko vitongojini ambako basi la alfajiri ama halifiki, ama likikuacha umekwisha. Gari likiugua, kazi nayo inaugua, na kule nyumbani ada ya mtoto inaugua pia.

Halafu kuna sheria. Hapa Minnesota, tangu Juni 9, 2009, polisi anaweza kukusimamisha kwa kosa la mkanda peke yake bila kusubiri ufanye kosa jingine, na sheria inamgusa kila aliyemo garini, wa mbele na wa nyuma. Faini yenyewe ni dola 25, lakini ukijumlisha na gharama za mahakama unavuka dola 100. Mimi mkanda nilikuwa nimefunga, kwa hiyo kesi sikuwa nayo. Hata hivyo, na hapa sitii chumvi, wakazi wa miji hii miwili tunajua kwamba kasoro ndogo ya umeme wa gari inaweza kuzaa jambo kubwa. Philando Castile aliposimamishwa na polisi huko Falcon Heights, jirani na Saint Paul, Julai 6, 2016, alichoambiwa dirishani ni habari ya taa za breki. Hakurudi nyumbani. Tangu niisikie habari ile, taa yoyote inayowaka ovyo kwenye gari langu hunikosesha raha.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilinitoza dola 120 kwa kuchomeka skana tu, kisha ikaniandikia dola 580 za kifungio kipya pamoja na ufundi. Nilipouliza kama nyaya zimepimwa, kijana wa mapokezi alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya kiwanja mwezini. Nikachukua funguo zangu.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, Mkisii mmoja mcheshi, alinishauri nisijisumbue. "Ndugu yangu, chini ya kiti kuna nyaya mbili. Kata, unganisha, piga tepu. Yangu niliifanya hivyo mwaka juzi na haijalia tena hadi leo." Nakiri kwamba wazo hilo nililala nalo usiku mzima, au niseme mchana mzima, maana sisi wa zamu ile tunalala jua likiwa juu.

Kilichoniokoa ni simu niliyompigia mzee mmoja, fundi rewaya mwenyeji wa Mombasa, aliyeanza kazi hiyo kwenye magereji ya kwao miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Ameniomba nisimtaje jina, kwani siku hizi anafanya kazi kwa kujuana tu, Jumamosi na Jumapili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mwandishi. Umeshakata waya?"

"Bado."

"Basi njoo."

Shahidi mmoja, swali moja

Kabla hajalifungua gari alinipa somo, nami nalileta hapa kwa lugha ya kawaida kama alivyonipa. Ndani ya kifungio mna swichi ndogo, au sensa. (Si ile ya kuhesabu watu na makazi, ni kifaa kinachohisi.) Kazi yake ni kujibu swali moja tu: ulimi wa mkanda umeingia au haujaingia? Jibu husafiri kwa nyaya nyembamba, hupita kwenye soketi iliyo chini ya kiti, hujipenyeza chini ya zulia na kufika kwenye kompyuta ya gari. Katika magari ya zamani jibu hilo liliishia kwenye taa na kengele. Katika magari mengi ya miaka hii ya 2000 linakwenda pia kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka kwenye usukani wakati wa ajali.

Hapo ndipo penye uzito. Kwa awamu, kati ya Septemba 2003 na Septemba 2006, sheria za Marekani ziliwalazimisha watengenezaji kuweka mifuko ya mbele inayojua nani amekaa na amekaaje. Mfuko wa hewa hufumuka kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kwa nguvu inayoweza kumuumiza vibaya mtoto au mtu aliyeinamia usukani. Kwa hiyo kompyuta hukusanya ushahidi kwanza: pigo ni kali kiasi gani, kiti kimesogezwa mbele au nyuma, abiria ana uzito gani, na je, amefunga mkanda? Kwenye magari mengi asiyefunga mkanda hufumuliwa mfuko hata kwa pigo dogo zaidi, kwa kuwa hana kingine cha kumzuia. Aliyefunga husubiriwa pigo kubwa, kwa kuwa mkanda unatosha kumshika katika ajali ya wastani.

Sasa ziunganishe zile nyaya mbili kama alivyoshauri mwenzangu. Kwenye baadhi ya magari yenye swichi ya kawaida kompyuta itaamini siku zote kwamba umefunga mkanda, hata siku uliyosahau. Ukigonga kwa mwendo wa wastani itasema: huyu ana mkanda, mfuko hauhitajiki. Na mkanda wenyewe umening'inia kwenye nguzo ya mlango.

Kwa hesabu za NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, mikanda iliokoa maisha ya watu 14,955 nchini humu katika mwaka 2017 peke yake. Mzee hana habari na takwimu. Aliniuliza tu: "Wewe mwandishi, ukipata shahidi anayejikanyaga katika maneno yake, unamkata ulimi au unatafuta kwa nini anajikanyaga?"

Macho kwanza, mita baadaye

Jambo la kwanza alilotaka kujua ni taa ipi inayowaka. Watu wengi huchanganya. Kuna kile kitaa chekundu cha mkanda. Kuna taa ya mfumo wa mifuko ya hewa, picha ya mtu aliyekaa na mpira mbele ya kifua, au herufi SRS. Na kuna ile ndogo upande wa abiria inayosema mfuko wa abiria umezimwa. Ikiwaka ya mkanda peke yake, mara nyingi kompyuta imesikia jibu, ila jibu lenyewe ni la uongo: inaambiwa hujafunga. Ikiwaka ya SRS, kompyuta inasema jambo zito zaidi: sielewi ninachoambiwa, na huenda mfumo wangu wote hautafanya kazi siku ya ajali. Hiyo usiilaze hata juma moja.

Pili, akafunga na kufungua mkanda mara kumi huku akitazama taa. Halafu akakitikisa kifungio kulia na kushoto. Halafu akakisukuma kiti mbele hadi mwisho, na nyuma hadi mwisho. Hakuna chombo alichotumia hapa, na bado, kwa maelezo yake, nusu ya kazi imekwisha. Taa ikibadilika ukitikisa kifungio, kasoro iko ndani ya kifungio au kwenye shina la waya wake. Ikibadilika kiti kinaposogea, kuna waya chini ya kiti unaovutwa au uliochunika kwa kusuguana na reli. Ikiwa haijali kiti wala kifungio ila inakuja na hali ya hewa, tafuta maji.

Tatu, akamulika tochi ndani ya kifungio. Usicheke, msomaji. Amewahi kutoa humo sarafu, mbegu za alizeti, kipande cha chipsi kilichokauka kama mti, na gundi ya soda iliyomwagwa na watoto. Uchafu ukikaa chini, ulimi unashika lakini haufiki mwisho, na swichi haibonyezwi. Tiba yake ni hewa ya kopo, kifyonza vumbi na, ikibidi, dawa ya kusafishia swichi inayokauka bila kuacha mafuta. Mafuta ya kulainisha bawaba za mlango usiyapulize humo. Yanakamata vumbi, na baada ya mwezi hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Gari langu lilikuwa safi kwenye kifungio. Ila mzee alipopiga magoti na kubonyeza zulia kwa kidole, maji yalichomoza.

Theluji tunayoingia nayo ndani

Anayeishi Dar au Mombasa anajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Huku hatuna bahari, tuna serikali inayomwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Kwa makadirio ya wakala wa jimbo hili wa kudhibiti uchafuzi, eneo la Minneapolis na Saint Paul humwagiwa zaidi ya tani 300,000 za chumvi kila mwaka. Wanamazingira wanalia na maziwa na visima, na wana haki. Mimi hapa nalia na viatu.

Kila unapoingia garini unaingia na theluji kwenye buti, na theluji hiyo imechanganyika na chumvi. Joto la gari linaiyeyusha. Maji ya chumvi yanapita chini ya kapeti ya mpira, yanalowesha zulia, yanalala palepale zilipo soketi za chini ya kiti. Maji safi hupitisha umeme kidogo sana. Maji ya chumvi huupitisha vizuri, kwa hiyo kati ya pini mbili za soketi unazaliwa waya wa tatu ambao mtengenezaji hakuuchora. Wakati huohuo chumvi inaitafuna shaba ya pini hadi inavaa koti la kijani, na koti hilo linazuia umeme. Njia moja inavuja, nyingine inaziba. Ndiyo maana kengele yangu ililia alfajiri na kunyamaza mchana gari linapokaa juani: soketi ilikuwa inalowa na kukauka.

Baridi nayo ina uongo wake. Betri ikidhoofika kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, gari likawashwa kwa kuazima umeme wa gari jingine, volti hushuka ghafla na kompyuta ya mifuko inaweza kuandika hitilafu ambayo wala haiko kwenye mkanda. Kwa hiyo kabla ya kung'oa kiti pima betri. Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu skana: zile ndogo za dola 20 zinazouzwa kila mahali hutumia tundu ambalo magari yote yanayouzwa Marekani yanalo tangu 1996, lakini nyingi husoma hitilafu za injini tu, zile namba zinazoanza na herufi P. Mambo ya mikanda na mifuko ya hewa huanza na herufi B na yanahitaji skana inayoongea na kompyuta hiyo. Mtu anachomeka kile kidogo, kinamwambia gari halina neno, anaondoka ameridhika. Tena, namba ya hitilafu haisemi "badilisha kifungio". Inasema "sipati jibu sahihi kutoka upande ule". Kati ya kifungio na kompyuta kuna waya, soketi, eathi na kompyuta yenyewe, na mshitakiwa anaweza kuwa yeyote kati yao.

Sasa mita

Mzee alizima gari, akatoa funguo, akafungua waya hasi wa betri, akaniambia nikapike chai. Vitabu vya magari vinatofautiana: Toyota huandika usubiri sekunde 90, Honda dakika tatu. Yeye husubiri kumi. Sababu ni kwamba kompyuta ya mifuko ina akiba yake ya umeme, ili hata betri ikivunjika kwenye ajali iweze kufumua. Na magari mengi yana kikazio cha mkanda chenye baruti ndogo, ambacho hukuvuta mgongo kwenye kiti mara tu gari linapogonga. Wakati mwingine baruti hiyo iko kwenye kifungio chenyewe, nyaya zake zikipita bega kwa bega na nyaya za swichi. Soketi zake kwa kawaida ni za manjano. Mita ya fundi, ikiwekwa kwenye omu, husukuma umeme kidogo ili ipime. Kwenye waya wa baruti umeme huo kidogo usiujaribu kamwe. Kama huna mchoro wa nyaya wa gari lako na hujui waya upi ni upi, ishia kwenye tochi na kapeti, kazi iliyobaki mwachie anayejua.

Akiwa na mchoro mkononi, alinieleza kwamba vifungio si vya aina moja, na hapa ndipo mafundi wengi hutupa vifungio vizima.

Aina ya kwanza ni swichi ya kawaida: nyaya zinagusana au zinaachana. Mita inasoma karibu na sifuri upande mmoja, na njia iliyokatika upande mwingine. Cha kutazama ni kama inabadilika safi kila mara, bila kusitasita. Udhaifu wa aina hii ni kwamba kompyuta haiwezi kutofautisha waya uliokatika au shoti na jibu halisi la mkanda. Ndiyo inayodanganyika kirahisi.

Aina ya pili imewekewa vizuizi vidogo vya umeme, kwa hiyo inatoa thamani mbili za omu, moja ya ndani na moja ya nje, na hakuna kati ya hizo iliyo sifuri. Ukikata waya, kompyuta inaona njia imekatika kabisa na inajua hilo si jibu. Ukiunganisha nyaya inaona sifuri, na hilo nalo si jibu. Inawasha SRS. Wanaokata na kuunganisha kwenye magari ya aina hii hubadilisha kengele ndogo kwa tatizo kubwa.

Aina ya tatu haina mgusano kabisa. Ndani mna kijisumaku na kichipu kinachohisi sumaku, na jibu hutolewa kwa kiasi cha umeme kinachopita: miliampea chache kwa jibu moja, nyingi zaidi kwa jibu lingine. Ukipima omu kwenye hicho hutapata la maana, na fundi asiyejua atakuambia kimekufa. Amekuzikia aliye hai.

Langu lilikuwa la aina ya pili. Mzee aliichomoa soketi ya chini ya kiti na kupima upande wa kifungio. Thamani moja ulimi ukiwa nje, nyingine ukiwa ndani, mara kumi mfululizo, bila kuyumba. Kifungio kizima! Dola 580 zingekwenda kununua kitu nilichokuwa nacho. Akapima upande wa pili, eathi ikiwa salama na waya wa kwenda kwenye kompyuta ukiwa haujakatika. Kisha akaigeuza soketi yenyewe kwenye mwanga, akanipa miwani yake. Pini moja ilikuwa ya kijani kama jani la mgomba, na nusu yake imeliwa.

Aliikata pini, akaweka mpya ya kubana, akasafisha zilizobaki, akaifunga soketi akiwa ameinyanyua juu ya zulia kwa kamba ya plastiki, akafuta hitilafu kwenye skana. Zulia tulilifunua na kulikausha kwa feni siku nzima, kwa sababu ukiacha maji umeacha ugonjwa. Alitaka dola 60. Nilimwongezea unga wa mahindi kilo mbili na akaupokea kwa furaha zaidi kuliko zile hela.

Kiti cha abiria

Upande wa abiria hadithi ni ndefu zaidi, kwa sababu kengele ya pale inahitaji mashahidi wawili: mkanda umefungwa, na je, kuna mtu? La pili hujibiwa na sensa ya uzito ndani ya kiti au kwenye reli zake. Ndiyo maana ukiweka mfuko wa mchele pale, gari linauambia mchele ufunge mkanda. Hilo si kasoro. Hamishia mzigo nyuma. Kasoro ni pale mkeo anapokaa na taa ikasema mfuko wake wa hewa umezimwa. Kwanza tazama chini ya kiti. Mwavuli au kisanduku kilichobanwa huko kinakiinua kiti na kudanganya kipimo. Na kiti kikishang'olewa, magari mengi yanahitaji sensa ile ipangwe upya kwa skana ianze kuhesabu kutoka sifuri.

Wakati mwingine kosa si lako wala la chumvi. Desemba 2023 Toyota iliyaita magari yapatayo milioni moja hapa Marekani kwa sababu sensa ya kiti cha abiria inaweza kupiga shoti na kuuzuia mfuko usifumuke inavyotakiwa. Februari 2024 Honda iliyaita magari 750,000 hivi kwa sensa ya uzito inayoweza kupasuka na kupiga shoti, kiasi kwamba mfuko ungeweza kumfumukia mtoto. Mwishoni mwa Mei 2024 ikawa zamu ya Tesla, magari 125,000 na ushei, kwa onyo la mkanda lisilolia inavyopasa. Matengenezo ya aina hii ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15, hata kama umelinunua mkono wa nne. Chukua ile namba ya herufi na tarakimu 17 iliyo chini ya kioo cha mbele, iandike kwenye tovuti ya NHTSA, utajua kama gari lako linaitwa. Nawajua watu waliolipia mamia ya dola kwa kitu ambacho mtengenezaji alikuwa anawasubiri awafanyie bure. Soma pia kijitabu cha dhamana: baadhi ya makampuni huipa mikanda dhamana ndefu kuliko ya gari zima.

Ugomvi wa zamani

Kukata nyaya hizi hakukuanzia kwa mwenzangu Mkisii. Magari ya Marekani ya mwaka 1974 yalifungwa mtambo uliokataa kuwasha injini hadi wa mbele wafunge mikanda. Mzigo kwenye kiti ukawa unazuia gari kuwaka, mbwa naye pia. Watu wakakasirika, wakakata nyaya, wengine wakaufunga mkanda na kuukalia. Oktoba mwaka huohuo Bunge la nchi hii lilipiga marufuku sharti hilo na kuzuia serikali isidai kengele inayozidi sekunde nane. Kizuizi hicho kilidumu hadi 2012. Januari 2025 NHTSA ikatangaza kanuni ya onyo refu zaidi, likiwemo la viti vya nyuma. Kengele zinaongezeka, na mikasi itaongezeka pia.

Nyumbani tuna simulizi zetu. Wakenya wanakumbuka Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika na kila kiti cha matatu kikatakiwa kiwe na mkanda. Ile mikanda haikuwa na waya wowote, na kengele yake ilikuwa polisi wa trafiki. Lakini magari madogo yanayoshuka bandarini Dar na Mombasa kutoka Japani yanazo sensa hizi, na mengi yameshapita mikononi mwa mtu mwenye mkasi kabla hujayaona. Ukienda kununua, washa funguo bila kuwasha injini na uitazame taa ya SRS. Inatakiwa iwake kwa sekunde chache kisha izime. Ikiendelea kuwaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ogopa zaidi, kwani huenda kuna aliyeizima ili usione kwamba mifuko ilishafumuka na haikurudishwa. Kisha ingiza mkono chini ya kiti cha dereva utafute tepu nyeusi.

Nilimsimulia mwenzangu haya yote wakati wa mapumziko, saa nane za usiku, tukiwa na chai ya mashine. Alicheka mwanzoni. Halafu akanyamaza. Lile gari alilolikata nyaya mwaka juzi hakuwa akiliendesha tena yeye. Amempa binti yake, aliyepata leseni majira ya kiangazi na analitumia kwenda chuoni.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili kwa mzee. Ilichukua dakika 40, nyingi zikiwa za kusubiri. Mzee aliibandua tepu, akazitenganisha nyaya, akazirudisha kila moja mahali pake, akapima kifungio: kilikuwa kizima, kwenye shina tu waya ulikuwa umechunika. Akautengeneza. Akarudisha betri, akamwambia binti alizungushe gari mara moja kwenye mtaa.

Binti aliingia, akawasha, akaondoka taratibu. Kabla hajafika kwenye kona tukaisikia kengele, madirisha yakiwa wazi: ting, ting, ting. Gari likasimama. Tukauona mkono wake ukivuka bega kutafuta mkanda.

"Baba," alimwambia aliporudi, "sikujua kama gari hili lina kengele."